Uzoefu wangu na michoro ya mamalia ya Jonathan Kingdon

Kazi yangu ni kuchora mabango ya wanyama kwa ajili ya shule na vituo vya wageni, na kwa kazi hiyo nimetumia vitabu viwili vya Jonathan Kingdon. Cha kwanza, The Kingdon Field Guide to African Mammals, kilichotoka mwaka 1997 na kupata toleo la pili mwaka 2015, ninakimiliki. Cha pili, East African Mammals, kilichotolewa kwa juzuu saba kati ya 1971 na 1982, hukisoma maktaba. Kingdon alizaliwa Tabora mwaka 1935, akasomea sanaa Uingereza na kufundisha uchoraji katika Chuo Kikuu cha Makerere. Yeye mwenyewe ndiye mtafiti na ndiye mchoraji, na jambo hilo linadhihirika katika kurasa zake.

Juzuu ninayoirudia kuliko zote ni ile yenye popo. Wapo popo ambao pua zao zimezungukwa na mikunjo ya ngozi. Hutoa sauti kupitia puani, na mikunjo hiyo huielekeza sauti mbele, kwa hiyo umbo lake lina kazi na husaidia kutofautisha spishi moja na nyingine. Picha ya kamera, hata ikipigwa kwa karibu sana, humwonyesha popo mmoja kwa pembe moja, huku kivuli kikificha sehemu ya mikunjo hiyo. Na popo aliyehifadhiwa makumbusho ndani ya kimiminika husinyaa, uso ukapoteza sura aliyokuwa nayo akiwa hai. Katika michoro ya Kingdon unaona kila mkunjo ulipoanzia na unapoishia. Nilipozinakili nyuso hizo kwa penseli niliona kwamba kivuli chake hakikuwekwa kwa ajili ya urembo, bali kinaeleza ngozi ipi imelala juu ya ipi.

Vivyo hivyo kwa misuli. Alichora mizoga iliyochunwa, mafuvu na mifupa, kisha akachora mnyama yule yule akiwa katika mwendo. Mabango mengi yanayotundikwa madarasani hukosea mahali hapa, kwa kuwa mchoraji ameiga ngozi bila kujua kilichopo chini yake. Mguu wa mbele wa swala haukuunganishwa na kifua kwa mfupa wowote. Unashikiliwa na misuli tu, na ndiyo maana bega lake hupanda na kushuka anapotembea. Mtu akishalijua hilo, hawezi tena kuridhika na swala aliyesimama kama meza.

Kitabu cha mwaka 1997 na 2015 kina kazi nyingine, ya kumtambua mnyama porini, na kwa upande wa kima kimenifaa sana. Chini ya miti mirefu mwanga hupita kwenye majani na kuzipotosha rangi katika picha za simu, lakini alama za uso hubaki: doa jeupe la puani lenye umbo la moyo kwa kima wa mkia mwekundu, paji la rangi ya chungwa na ndevu nyeupe kwa kima wa De Brazza. Mchoro huzitoa alama hizo wazi, bila tawi wala kivuli mbele yake.

Anayetaka kununua achague toleo la 2015. Kipunji, kima wa milima ya Rungwe na Udzungwa nchini Tanzania, alielezwa kisayansi mwaka 2005, mwanzoni kwa kutegemea picha, na baada ya mwili wake kupatikana ndipo uchunguzi ulipompa jenasi (kundi la spishi zenye ukoo wa karibu) yake mwenyewe, Rungwecebus, mwaka 2006. Sengi wa uso wa kijivu wa Udzungwa, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, alielezwa mwaka 2008. Wote wawili hawangeweza kuwamo katika toleo la kwanza.

Kwa komba wadogo, hata hivyo, sikutegemea michoro peke yake, kwa maana spishi kadhaa hufanana mno na wataalamu huzitenganisha zaidi kwa milio yake ya usiku. Mwongozaji wa watalii anapaswa kuwa pia na rekodi za sauti. Tena, picha za kitabu hiki zimechapishwa ndogo ili kiweze kubebeka, kwa hiyo mwanafunzi wa uchoraji anayetaka kuona mstari wa penseli jinsi ulivyopita aende maktaba ya chuo akaombe zile juzuu saba, na aanze na ya popo.