Banda umiza la Sinza: hoki ya barafu na chai ya alfajiri

Wadau, Sinza kuna banda umiza linalofunguliwa usiku wa manane kwa ajili ya NHL, ligi ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada. Kiingilio buku, chai ya tangawizi na chapati buku jingine. Colorado wakicheza kwao saa 11 alfajiri, viti vinajaa bodaboda na walinzi waliotoka lindo.

Kinachonirudisha ni yule kaka wa rimoti. Pembeni ya runinga ana ubao wa chaki, anaandika dakika za kila mshambuliaji. Mechi ni dakika 60, na wachezaji hupokezana kila baada ya sekunde 45 hivi, mchezo ukiendelea. Hapo ndipo unamwelewa Nathan MacKinnon, mshambuliaji wa Colorado: msimu wa 2023/24 alicheza wastani wa dakika zaidi ya 22 kwa mechi, akamaliza na pointi 140, yaani magoli na pasi za magoli. Beki kufikisha 25 si ajabu, maana mabeki huwa sita na washambuliaji 12. Mshambuliaji akifika 22 jua anakamuliwa haswa. Mtazame dakika ya 55: kainama, fimbo kailaza magotini, mdomo wazi. Timu ikiwa nyuma goli moja, kocha anamrudisha tu. Mimi naona wanamchosha bure. Jamaa wa kiti cha pili akanijibu, "We ungemweka nani?"

Intaneti hukwama, feni ni moja, choo usiniulize. Nyota nne. Wahi viti vya mbele, nguzo ya katikati inaziba goli la kulia.