Digiti kubwa za LED kutoka Luthuli: taa ni moto, kaunta ni balaa

Digiti zenyewe sina neno nazo, wacha niseme hivyo mapema kabla hasira haijapanda. Ni zile taa za kuonyesha namba, kubwa nyekundu za inchi 4, za segmenti saba (vipande saba vinavyowaka kuchora namba), nilichukua nne za skobodi ya timu yetu ya mtaa huku Umoja. Shida yangu ni jamaa aliyeniuzia, na nimengoja nipoe ndio niandike lakini bado sijapoa.

Nilimpata ghorofani kwa jengo moja hapo Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, nikamweleza kila kitu, bodi ni ESP32, ile kompyuta ndogo ya kuongoza taa, pini zake zinatoa volti 3.3, nataka digiti pamoja na dereva inayozifaa, yaani chipu ya kuziwasha, vyote vitoke kwa duka moja ndio nisizungushwe baadaye. "Mrembo, hiyo ni kazi ndogo," akanipea MAX7219, ati inaendesha hadi digiti nane. Kweli inaendesha nane, lakini nane za komoni kathodi (hasi za LED zote ziko pamoja), na chipu yenyewe mwisho wake ni volti 5.5. Zile alizonifungia ni komoni anodi (chanya ndizo ziko pamoja) na kila segmenti ina LED nne ndani zimepangwa siriz, moja nyuma ya nyingine, kila moja inakula kama volti 2, kwa hivyo bila volti 8 haziamki. Yaani alichukua vitu viwili ambavyo havipatani hata kidogo akaniuzia kama pea, na boksi la digiti limeandikwa komoni anodi, liko hapo hapo mkononi mwake!

Jioni nikaipima digiti moja kwa volti 5 na rezista, nikapitia pini moja moja, na kilichowaka ni doti peke yake. Doti ina LED mbili tu, volti 4 zinaitosha. Segmenti zote saba giza tupu.

Nikarudi. Na hapa ndipo roho iliniuma. Safari hii akaniita madam, sauti juu mpaka watu wakageuka: "Madam, umeunguza hizi vitu, mambo ya moto waachie mafundi." Mimi! Nimeshika solda tangu nikiwa shule, amplifaya ya kanisa letu naitengeneza mimi, halafu mtu ambaye hajui anachouza ananiambia niwaachie mafundi. Nikatoa betri ya volti 9 na rezista kwa mkoba, nikagusa pini mbele yake, segmenti ikawaka, nikagusa ya pili ikawaka, zote saba mpaka mteja mwingine hapo kando akasema, "Boss, si ziko sawa?" Ungedhani atasema pole. Ati basi nichomeke volti 12 kwa anodi halafu waya zingine nipeleke moja kwa moja kwa bodi, "utaona tu zikiwaka". Jamani, kwa ile doti peke yake, 12 ukitoa 4, hizo ni karibu volti 8 zinasukumwa kwa pini ya volti 3.3, bodi inakufa, na kuna kijana mahali ameambiwa hivyo hivyo na akaamini akachoma pesa ya mzazi wake! Nikamwomba kitu kimoja, achukue ile chipu anipe ULN2803, dereva inayofaa komoni anodi, ambayo hata ni bei ya chini. Akanionyesha kibandiko ukutani, mali ikishauzwa hairudishwi, akaendelea na simu yake.

Nilihudumiwa na kijana wa kibanda cha chini, karibu na ngazi, ambaye hakuuliza kama naweza, aliuliza tu segmenti ina LED ngapi. Hilo ndilo swali la kwanza la mtu anayejua kazi. Kila digiti nikaiwekea 74HC595 moja, chipu ya kugawa data ya bodi kwa pini nane, na ULN2803 moja. Ile 595 inafanya kazi na volti 3.3 sawa sawa, inaletewa data na waya tatu kutoka kwa bodi, halafu ULN ndiyo inayovuta segmenti chini upande wa volti 12, bodi na hizo 12 zinakutana kwa graundi pekee, ile waya ya hasi, na hiyo graundi lazima iunganishwe, usiisahau. Rezista ya omu 180 kwa kila segmenti, inakuja kama miliampu 18. Na kwa sababu kila digiti ina dereva yake hakuna kupokezana kuwaka, zinawaka muda wote, mwanga kamili. Hizo volti 12 nikazitoa kwa betri ya pikipiki.

Mechi ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, na wazee waliokaa upande ule mwingine wa uwanja walikuwa wanasoma matokeo bila kukunja uso. Zinawaka vizuri sana hizi digiti. Zinapendeza mpaka nilitaka kufuta nusu ya maneno haya.

Nilikuwa nawapa nyota moja. Sasa nasema nne kwa digiti, na kwa lile duka sifuri, au tuseme nusu kwa sababu mzigo wenyewe haukuwa feki, hapana, sifuri, kwa yale maneno sifuri. Shida ni kwamba nahitaji mbili zaidi za saa ya mechi na size hiyo nimezunguka Nyamakima yote sijaipata, iko kwake tu. Nilikuwa nimtume kaka yangu. Lakini kwa nini nimtume? Naenda mwenyewe, na ile MAX7219 naibeba.