Taa ya kisiki cha mbuni, na stuli iliyopasuka usiku wa manane

Mwezi wa tano mwaka jana nilinunua vitu viwili kwa fundi mmoja wa njia ya Mbalizi, hapa Mbeya: taa ya mezani ya kisiki cha mbuni, 85,000, na stuli ya miguu mitatu ya mti wa mlingoti (mkaratusi), 45,000. Mume wangu aliposikia bei ya taa aliuliza kama hicho kisiki bado kinazaa kahawa.

Taa sina neno nayo. Kisiki kimetoka Mbozi, shamba lililong'olewa mibuni mizee. Mbuni hukatiwa, ukachipua ubavuni, ukakatiwa tena, kwa hiyo ukizeeka shina limejaa vifundo na kona. Fundi hakuhangaika kulinyoosha. Amekwangua ganda, akapiga msasa palipokuwa na makovu ya panga, akapaka vanishi isiyong'aa. Waya hauonekani: ametoboa kwa keekee kutoka kwenye kitako mpaka kwenye holda. Kofia yake ni kikapu cha milulu cha Iringa kilichopinduliwa, na ukiwasha, ukuta mzima unajaa vijistari. Alinionya nisifunge zile balbu za zamani zinazochemka, zitaunguza milulu. Nimefunga ya LED wati 5. Hata ikiwaka jioni nzima nakishika kikapu bila shida.

Stuli sasa. Uyole mwezi wa sita mnaijua: baridi, na upepo mkavu unaokausha mpaka midomo. Usiku wa manane nikasikia paa! Nikadhani kuna mtu dirishani. Asubuhi nakuta ufa kutoka ukingoni mpaka katikati, sarafu ya mia inaingia. Wiki mbili baadaye miguu miwili ikaanza kucheza.

Nikairudisha. Fundi hakubisha, hapo nampa haki yake. Alikiri gogo lilikatwa Januari, mvua zikinyesha, na Aprili lilikuwa tayari stuli. Hesabu ya mafundi ni kama mwaka mmoja kivulini kwa kila inchi ya unene, na kalio la ile stuli lilikuwa inchi mbili! Tena lilikuwa duara zima la gogo, na moyo wake ndani. Mti ukikauka hunywea kufuata mzunguko karibu mara mbili ya unavyonywea kuelekea moyoni, basi duara zima lazima liachie mahali. Mlingoti ndio kabisa, kwa kupasuka na kujinyonga hauna mpinzani. Haya yote ananieleza pesa keshakula.

Alitaka kuziba ufa kwa gundi na unga wa mbao. Nikakataa, mti wenyewe bado unakauka, utafunguka pembeni. Tulivutana kidogo ("dada, hiyo ni asili yake!"), mwisho akateremsha darini kipande cha mgrivelia kisicho na moyo, kilichokaa huko zaidi ya miaka miwili. Miguu akabakiza ileile yenye panda, ndimi akazichonga upya maana zilishalegea kwenye matundu. Akanitoza 10,000 ya kazi. Iliniuma, kusema kweli, kosa halikuwa langu. Ila mpaka leo stuli haijatikisika, na mwanangu anaigeuza gari kila siku.

Benchi la barazani nimemwagiza yeye yeye. Gogo nimelichagua mwenyewe, kichwani nimeliandika tarehe kwa rangi nyekundu, na liko kivulini nyuma ya karakana yake. Hela nitampa siku atakayoanza kulichonga.