TAHADHARI: Ofa ya spika za ukutani “kufungiwa bure hata kwenye jipsamu”

Ndugu, kama kuta za nyumba au ofisi yako ni patisheni za jipsamu, soma hapa kabla hujatuma hela ya kianzio. Kuna aina ya ofa inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na kurasa za wauza vyombo vya muziki: jozi ya spika, brakete mbili (vyuma vya kuzishikia ukutani), na kufungiwa bure ukuta wowote bila kutafuta nguzo za ndani zinazoshika bodi. Spika zenyewe huenda zikawa nzima kabisa. Hatari iko kwenye kile kifuko cha fisha za plastiki anachokuja nacho fundi wao.

Fisha ya kawaida imetengenezwa kwa tofali na zege. Skrubu ikiingia, plastiki inatanuka na kubana kuta za tundu, na zege halisogei. Jipsamu ni unga uliogandishwa kati ya karatasi mbili, na bodi ya ukutani huwa na unene wa milimita 12 au 12.5. Fisha ya namba 8 ina urefu wa milimita 40 hivi. Kwa hiyo milimita 12 ndizo zilizoshika, na 28 zinaning’inia hewani nyuma ya bodi. Hizo 12 nazo zinabana unga, na unga ukibanwa sana unasagika. Siku ya kwanza kila kitu kinakaza, mteja anaridhika, fundi anaondoka na hela.

Muuzaji atakwambia spika ni kilo 12 tu na fisha ziko nne, kwa hiyo kila moja inabeba kilo 3. Hesabu hiyo si ya kweli, na hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Spika haikai ndani ya ukuta, inakaa mbele yake. Ikiwa katikati ya uzito wake ni sentimita 25 kutoka ukutani, na skrubu za juu ziko sentimita 15 juu ya ukingo wa chini wa brakete, skrubu za juu kwa pamoja zinavutwa zichomoke ukutani kwa nguvu ya 12 × 25 ÷ 15, yaani kilo 20, mbali na uzito unaovuta chini. Vuta mkono wa brakete hadi sentimita 40 na nguvu hiyo inapanda hadi kilo 32. Jipsamu huvumilia kiasi mzigo wa kushuka sambamba na ukuta. Mzigo wa kuchomoa ndio unaoishinda. Ongeza besi: kila mdundo unatikisa skrubu, tundu linapanuka kidogo kidogo. Ndiyo maana nyingi hazianguki siku ya kufungwa, zinaanguka baadaye, wakati muuzaji ameshaacha kupokea simu.

Msisahau lebo ya pakiti. Ikiandikwa kilo 50, uliza: ni kwenye zege au kwenye jipsamu? Ni mzigo wa kushuka au wa kuchomoa? Ni mzigo salama au ule uliovunja kifaa kwenye majaribio? Kwa mzigo uliotulia, kanuni ya kawaida ni kutumia robo tu ya kiwango cha kuvunjika, na spika haijatulia. Pakiti isiyo na jina la mtengenezaji wala unene wa ukuta iliyopimiwa, irudishe.

Fundi anayejua kazi utamtambua kabla hajatoa drili. Atagonga ukuta, kisha atapitisha sumaku yenye nguvu kutafuta vichwa vya skrubu za bodi. Vichwa vikijipanga kwa mstari wa wima, hapo kuna nguzo ya bati, na nyingine iko sentimita 40 au 60 pembeni, kutegemea aliyejenga. Kisha atatoboa tundu la majaribio la milimita 3. Biti ikitoka na unga mweupe na kuzama ghafla, nyuma ni tupu. Ikitoka na vumbi la chuma linalong’aa, amepata nguzo. Pia ataangalia soketi na swichi, maana nyaya hupanda na kushuka wima kutoka hapo. Skrubu ikichoma waya na kugusa nguzo ya bati, fremu nzima ya patisheni inaweza kuwa na umeme. Asiyezima breka ya umeme na kukagua hilo, mtoe.

Kupata nguzo peke yake hakutoshi. Bati la nguzo nyingi ni nusu milimita tu, na skrubu ya mbao haishiki humo. Kwa spika nyepesi, tumia bolti za mabawa zinazopita kwenye bodi na bati, mabawa yakafunguka kwa springi nyuma ya nguzo. Kwa spika nzito, weka plaiwudi ya milimita 18. Njia bora ni kukata bodi, kuifunga plaiwudi kati ya nguzo mbili kwa skrubu zenye ncha ya drili, kisha kurudishia bodi na kuskimu. Usipotaka kukata, funga plaiwudi juu ya ukuta: kwa nguzo zilizoachana sentimita 60, kata kipande cha upana wa 70 na kimo cha 30, bolti mbili za mabawa kila nguzo, halafu brakete ishike plaiwudi kwa skrubu za mbao za milimita 5 zenye urefu wa 25 hadi 30, zisifike kwenye nyaya. Kama hakuna hata nguzo moja panapohitajika, stendi ya sakafuni ndiyo jibu, na sabufa isipande ukutani kabisa.

Silingi ni hatari zaidi. Bodi zake mara nyingi ni milimita 9, na spika ya kuning’iniza lazima ishikwe na slabu au mbao za paa, pamoja na mnyororo wa akiba.

Kama tayari umefungiwa kwa fisha, angalia leo. Unga mweupe chini ya brakete, karatasi iliyovimba kuzunguka skrubu, au mwanya juu ya brakete unaoingiza ukucha: ishushe spika sasa, usisubiri fundi. Usikubali tundu lijazwe njiti za kiberiti, silikoni au fisha kubwa zaidi. Jipsamu iliyosagika hairudi kuwa ngumu, tundu linahamishwa. Wakazi wa Pwani wakague pia unyevu, kwa sababu bodi ikilowa inapoteza nguvu hata kama fundi alifanya kila kitu sawasawa.

Kwa wanaonunua wiki hii: dai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) iwe na gharama ya ufungaji, hata ikiandikwa sifuri, ili muuzaji asije kusema fundi hakuwa wake. Piga picha aina ya ukuta na umtumie kwa maandishi kabla ya kulipa. Baki na sehemu ya malipo hadi utakapoona kwa macho tundu la majaribio na kile kilichoshikiliwa nyuma yake.