FreeDOS 1.3 kwenye mashine ya dukani: nilivyopambana na KB 640

Mjomba ana duka la vipuri vya magari Morogoro, na hesabu yote ya stoo imo ndani ya programu ya DOS (mfumo wa zamani wa kompyuta unaoendeshwa kwa kuandika amri) aliyoandikiwa miaka ya tisini. Mashine yenyewe ni Pentium yenye RAM ya MB 32. Mwaka jana niliifungia kadi ya mtandao ili kila jioni mafaili ya stoo yanakiliwe kwenye kompyuta nyingine. Kuanzia hapo, ukiitisha ripoti ya mwisho wa mwezi, programu inagoma na kusema kumbukumbu haitoshi.

"Mpwa wangu, si uliniambia ina MB 32?"

Inazo, ila programu ya namna ile haizioni. Nafasi yake ni KB 640 za mwanzo, mpaka uliopo tangu IBM PC ya 1981, na humo humo hujibanza DOS yenyewe na draiva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa: ya CD, ya mausi na ya kadi ya mtandao. MEM /C, amri inayoorodhesha kilichomo kwenye kumbukumbu, ilinionyesha nimebakiwa na KB 541.

Nikahamia FreeDOS 1.3, iliyotoka Februari 2022. Ni DOS ya bure inayoendesha programu za MS-DOS ya Microsoft, na mradi wenyewe ulianzishwa na Jim Hall mwaka 1994. Kilichoniokoa ndani yake ni JEMMEX, draiva ya kusimamia kumbukumbu. Kati ya KB 640 na MB 1 kuna eneo la KB 384 ambalo kadi ya video na BIOS hulikalia kwa sehemu tu. JEMMEX huchomeka RAM kwenye mapengo yaliyobaki. Faili hilo moja hufanya kazi ambayo kwenye MS-DOS ilihitaji mawili, HIMEM.SYS na EMM386.EXE. Nilipoliandikia NOEMS mapengo yakaongezeka, kwa sababu dirisha la KB 64 la EMS, njia ya zamani ya kuongeza kumbukumbu, halitengwi tena. Kisha ndani ya FDCONFIG.SYS, faili la mipangilio linalosomwa mashine ikiwaka, nikaweka DOS=HIGH,UMB, kiini cha DOS kikahamia juu ya MB 1.

Baada ya hapo ni amri za kupakia draiva kwenye yale mapengo: DEVICEHIGH ndani ya FDCONFIG.SYS, na LH kwa zile zinazoitwa kutoka FDAUTO.BAT, faili la amri zinazofuata. Hapa mpangilio ndio kila kitu, na ndipo nilipokesha. Draiva inapopakiwa huhitaji nafasi kubwa kuliko ile itakayobaki nayo baada ya kujipanga. Ukitanguliza ndogo, zinakata pengo kubwa vipande vipande, halafu ile kubwa inakosa pa kuingia na kurudi kimya kimya chini, kwenye KB 640. Hakuna onyo lolote. Utaligundua kwa MEM /C tu. Nilianza na UDVD2 ya CD, ikafuata SHSUCDX inayoipa CD herufi yake ya diski, kisha draiva ya kadi, na CTMOUSE ya mausi ikaja mwisho kwa kuwa ni ndogo na inajipenyeza popote.

Mashine iliwaka vizuri. Nilipojaribu kunakili faili la kwanza, ikaganda. Kadi yangu ya mtandao ni ya ISA, aina ya zamani, na ina kumbukumbu yake kuanzia anwani ya D000, ndani ya zile KB 384, na JEMMEX ilikuwa imeliona eneo hilo kama pengo. Dawa ilikuwa X=D000-D3FF kwenye mstari wa JEMMEX, yaani KB 16 zisiguswe. Ukiwa na kadi ya zamani, tafuta anwani yake kabla hujafanya jambo jingine lolote. Mimi ilinigharimu Jumamosi nzima na duka likauza kwa daftari.

Kinachokosekana ni kitu kama MEMMAKER ya MS-DOS 6, iliyokuwa ikijaribu mipangilio yenyewe na kuchagua bora. Kwa FreeDOS unapanga kwa mkono, unawasha, unasoma MEM, unapanga tena. Kwa mtu asiye na subira ni kazi ngumu, nami nisingemwachia mjomba aifanye peke yake. Afadhali menyu ya kuwashia ina njia ya kuingia bila draiva hata moja, kwa hiyo ukikosea mstari hukosi pa kurudia. Niliitumia mara nne.

Sasa zipo KB 619 huru, draiva zote zikiwa kazini. Ripoti ya mwisho wa mwezi inafunguka na nakala inakwenda kila jioni. FDCONFIG.SYS na FDAUTO.BAT nimezinakili kwenye flopi, iko ndani ya bahasha iliyobandikwa ubavuni mwa mashine.