KardiaMobile ndani ya ndege: toleo la zamani ndilo la kubeba

Mtu ambaye mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo humjia na kumwacha ana swali gumu akiwa angani: moyo huu unaokwenda mbio ni ugonjwa umerudi, au ni uchovu na hofu tu? KardiaMobile, kifaa kidogo cha kampuni ya AliveCor kinachofanya kazi na simu, husaidia kuliko saa inayohesabu mapigo peke yake, kwa sababu huchora umeme wa moyo kwa sekunde 30, vidole vikiwa juu ya vibamba viwili vya chuma.

Kwa ndege, chagua toleo la awali badala ya 6L, toleo jipya zaidi lenye kibamba cha tatu upande wa chini. Lile la awali hupeleka mawimbi kwenye maikrofoni ya simu kwa sauti nyembamba isiyosikika na sikio, hivyo hurekodi hata simu ikiwa katika hali ya ndege. 6L hutegemea Bluetooth, na ili utoe mchoro wake kamili kibamba cha chini lazima kiguse ngozi tupu ya goti au kifundo cha mguu wa kushoto. Kwa aliyebanwa kitini, amevaa suruali na soksi za kubana, hiyo ni kazi! Yote mawili hutumia betri ya CR2016. Ya akiba iwe kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na dawa.

Tatizo kubwa ni mchoro kujaa mikwaruzo, na programu ya kifaa kwenye simu hukataa kutoa jibu. Hewa ya ndege ni kavu, na ngozi kavu haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo lowesha vidole kidogo. Laza mikono juu ya kimeza bila kubonyeza kwa nguvu, maana misuli iliyokazwa nayo huchora mistari yake. Chomoa chaja. Weka kifaa jirani kabisa na simu, na ndege ikitikisika, ngoja itulie. Ukibadilisha mikono, mchoro hugeuka juu chini.

Mapigo kupanda kidogo si ajabu: hewa ya ndani huweza kuwa nyepesi kama ya mlimani, takriban mita 2,400, na moyo hufidia upungufu wa oksijeni. Rekodi mchoro mmoja kabla ya kupanda ndege ili daktari apate cha kulinganisha. Michoro yote hubaki kwenye simu na hutumwa kama PDF mkishatua.

Kifaa hiki hakitambui shambulio la moyo. Kifua kikiuma, pumzi ikikata au ukihisi kuzimia, acha kupima, mwite mhudumu. Wenye pesimeka (kifaa kinachopandikizwa mwilini kuendesha mapigo ya moyo) watafute njia nyingine; mtengenezaji hawapendekezei.

Na jibu la “kawaida” lisikufanye uruke dawa ya kuzuia damu kuganda. Sekunde 30 hazisemi lolote kuhusu saa zilizobaki. Kama dozi ni mbili kwa siku, hesabu saa 12 tangu ya mwisho, hata saa za ukutani zikibadilika.