Colt Cobra mpya na Smith & Wesson 36: kilichorudi ni jina au bastola?

Wadau, karibuni. Leo nawajibu mlionijazia ujumbe mkiuliza kama hizi mpya ni zilezile za zamani, tangu niliposema nimezishika revolva za shemeji, yaani bastola ambazo risasi zinakaa kwenye silinda inayozunguka. Shemeji yangu anaishi Houston, Texas, ana karatasi zake zote, na huko mtu kuwa na kabati la bastola za kukusanya ni jambo la kawaida. Picha mnazoziona nilipiga kwake. Mimi mwenyewe nipo zangu Kinondoni, kwa hiyo mkisikia honi za bodaboda, mnivumilie tu.

La sheria nilimalize mapema. Hapa kwetu silaha ni jambo la kibali, tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kuingiza bastola kutoka nje bila ruhusa ni kesi, tena si kesi ya kuomba radhi ikaisha. Asije mtu akaniandikia, "Kaka, nichomekee moja kwenye begi." Sitamjibu hata salamu.

Haya, tuanze na hii ya kijivu. Colt Cobra, toleo lililotoka 2017. Risasi sita za aina ya .38 Special, mtutu wa inchi mbili, mwili mzima chuma kisichoshika kutu. Ilipoingia sokoni kiwanda kiliitangaza kwa dola 699. Watu walifurahi kupita kiasi, maana Colt walikuwa wamekaa miaka mingi bila kutengeneza revolva ndogo ya namna hii.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo ninapogombana na shemeji. Cobra ya asili ilitoka 1950, na sifa yake kubwa ilikuwa wepesi. Fremu yake ilikuwa ya aluminiamu, bastola nzima kama gramu 425. Unaiweka mfukoni unaisahau. Hii mpya ina gramu 700 na ushei! Ndugu zangu, hiyo si Cobra. Kwa chuma chake na uzito wake, huyu ni mtoto wa Detective Special, ile Colt ya 1927 ambayo ndiyo mama wa ukoo wote huu. Wamechukua jina la mdogo wakampa mkubwa. Ni kama hizi Defender za siku hizi na Land Rover 109 ya babu: nembo ileile, ukifungua boneti humkuti babu.

Shemeji ananiambia jina ni jina tu, piga uone. Nikapiga. Na hapo nikakaa kimya kidogo.

Triga ya Colt za zamani ina tabia yake. Ndani kuna springi ya umbo la V, na unapovuta, uzito unapanda, unapanda, halafu pale mwisho kabisa unaongezeka tena kabla nyundo, kile chuma cha nyuma kinachofyatua risasi, haijaanguka. Waliozizoea wanaipenda, wanasema inakwambia ulipofika. Mimi mkono wangu ulitetemeka palepale kwenye ule mwisho. Cobra mpya haina hilo. Mfumo wa ndani wameubuni upya, springi ni nyingine, na mvuto unakwenda sawa mwanzo hadi mwisho. Kilengeo cha mbele kina kidoa chekundu kinachong'aa, mpini ni wa mpira. Ule uzito nilioulalamikia sasa hivi ndio unaoifanya isikurukie mkononi. Kwa kupiga shabaha, mpya inaishinda ya zamani, nasema waziwazi.

Lakini mkusanyaji hanunui shabaha, anunua mkono wa fundi. Zile za zamani vipande vyake vya ndani vilipigwa tupa na kulinganishwa kimoja kimoja na mtu aliyekaa kwenye benchi. Ndiyo uzuri wake, na ndiyo ugonjwa wake, kwa sababu zikichakaa, mafundi wanaozijua wamebaki wachache.

Kama upo nchi unakoruhusiwa na unataka kununua Detective Special iliyotumika, nitazame mikono hapa. Kwanza fungua silinda, hakikisha hakuna risasi, kisha hakikisha tena. Funga. Elekeza mtutu pasipo na mtu. Vuta nyundo kwa gumba, taratibu mno, na kidole cha mkono wa pili kiiguse silinda kuifanya iwe nzito kuzunguka kidogo. Unasikiliza "tk", ule mlio wa silinda kujifunga mahali pake. Mlio uje kabla nyundo haijasimama nyuma, au vije pamoja. Nyundo ikisimama na silinda bado haijajifunga, mwendo wa silinda na wa nyundo umeachana, na hapo utahitaji fundi. Rudia kwa matundu yote sita, maana matano yanaweza kuwa sawa na la sita likakuumbua.

Sasa hii nyeusi yenye mpini wa mbao. Smith & Wesson Model 36, jina lake la kwanza Chiefs Special, lilitokana na mkutano wa wakuu wa polisi wa Marekani mwaka 1950 ilipoonyeshwa. Risasi tano, siyo sita, ndiyo maana ni nyembamba zaidi. Namba 36 ilikuja baadaye, 1957. Kufungua silinda unasukuma kitufe mbele, wakati Colt unakivuta nyuma. Ukizoea moja, nyingine itakuaibisha mbele za watu.

Hii ya shemeji ni toleo jipya la kumbukumbu, na ukiitazama kwa mbali utaapa ni ya 1955. Sogea. Upande wa kushoto, juu ya kile kitufe, mnaona katundu? Hapo panaingia ufunguo, unaifunga bastola isipige. Kufuli hilo lina historia. Mwaka 2000 kampuni ilikubaliana na serikali ya Clinton kuhusu masharti ya usalama, wanunuzi wakaisusia. Mwaka uliofuata Waingereza wa Tomkins, walioinunua 1987 kwa zaidi ya dola milioni 100, wakaiuza kwa milioni 15. Mnunuzi? Saf-T-Hammer, kampuni ya makufuli. Basi kufuli likaingia.

Wakusanyaji wanalichukia katundu hako utadhani kamewatukana. Mimi kwa nyumba yenye watoto silioni kosa lake, ila kwa bastola inayouzwa kwa sura ya zamani, ni kovu usoni. Ukiwa na jicho la kukusanya hutaona kingine.

Kuna jambo dogo la hewa pia. Houston wako jirani na bahari, unyevu wake ni huu wetu wa pwani. Chuma cheusi kama hiki kinataka kufutwa na kitambaa chenye mafuta kidogo kila kikishikwa, na kisihifadhiwe ndani ya mfuko wa ngozi, ngozi inashika maji. Ile Cobra ya kijivu haina makuu hayo.

Kuna aliyeuliza kama hizi mpya zitapanda bei. Bei kubwa huja na historia, na historia haitengenezwi kiwandani. Cobra ambayo Jack Ruby alimpigia Lee Harvey Oswald, mtuhumiwa wa mauaji ya Rais Kennedy, mwaka 1963 iliuzwa mnadani 1991 kwa dola 220,000. Bila kisa kile ilikuwa Cobra tu. Shemeji amenunua zote mbili na anasubiri zipande. Namwombea.

Ningeambiwa nichague kwenye kabati lile, ningeacha zote mbili mpya nichukue Detective Special yake ya miaka ya 1970, ile yenye mkwaruzo chini ya mpini. Alikataa hata kuizungumzia.